Chupa ya Askari Kiunoni mwa Mwanao

Ilikuwa Desemba, mwaka juzi. Shule zimefungwa, na sisi akina mama wa usharika tumepanga kuwapeleka watoto wa shule ya Jumapili kambini kwa siku tatu, huku kwetu kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Kwa kuwa mimi ni muuguzi, nilikabidhiwa mambo ya afya: sanduku la huduma ya kwanza, usafi wa jikoni na maji ya kunywa. Nikaona nifanye jambo la maana. Sokoni kwenye mitumba nilimkuta kijana ana rundo la chupa za maji za kijani, zile walizotumia askari wa nchi za nje, nene na nzito, kila moja na mfuko wake wa kufunga kwenye mkanda. Nikanunua sita, kila moja shilingi 8,000. Nikaziosha kwa sabuni na maji ya moto, nikazianika, nikajisifu moyoni. Moja ilikuwa na harufu kidogo. Hiyo niliitia juisi ya ukwaju ili harufu isisikike, nikampa mwanangu wa kiume, maana ningempaje mtoto wa mwenzangu?

Usiku wa pili mwanangu alitapika mara nne na kuharisha mpaka macho yakaingia ndani. Nilikaa naye hadi alfajiri nikimnywesha maji ya ORS kwa kijiko, kidogo kidogo, mwenzangu mmoja akitushikia tochi. Kulipokucha na mtoto amelala, nilichukua ile chupa, nikatafuta ncha ya kisu, nikabandua raba iliyo ndani ya kifuniko. Chini yake palikuwa na utando mweusi unaoteleza, wa siku nyingi, ambao sabuni yangu haikuufikia kabisa. Siwezi kuapa kwamba ni chupa ile iliyomwangusha, kwa sababu mtoto akiwa kambini hushika na kula mengi. Lakini mama mwenzangu, niliona aibu. Kila siku ninawafundisha wanawake kliniki jinsi ya kuosha chupa ya mtoto mchanga, na chupa ya mwanangu mwenyewe sikuifungua hadi mwisho.

Hata hivyo sikuja kukuambia uachane na chupa hizi. Nimebaki nazo tano na zinatufaa sana. Chupa nyingi za madukani, zile za rangi za kupendeza zenye picha za katuni, hupasuka kabla muhula haujaisha. Chupa za maji ya kununua zinazotupwa nazo haziruhusiwi kwa wanaopanda mlima ndani ya Hifadhi ya Kilimanjaro. Kenya nako ilipiga marufuku plastiki za kutumia mara moja katika hifadhi zake tangu tarehe 5 Juni 2020. Kwa hiyo mtoto wa skauti, mume anayekwenda shamba la mbali na mama anayepanda mlima na wenzake wanahitaji chupa ya kudumu. Ya askari inadumu. Jambo la kujiuliza ni ilikotoka na imetengenezwa kwa kitu gani.

CHUPA YA BABU

Mimi nilizikuta chupa hizi nyumbani kabla ya kuziona sokoni. Babu yangu alikuwa askari wa Keya, akapigana Burma mwaka 1944 pamoja na maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki waliopelekwa huko na Waingereza. Aliporudi alikuwa na blanketi, kovu la mguuni na chupa ya maji. Ilikuwa ya chuma kilichopakwa enameli ya buluu, kama yale mabakuli ya zamani, nayo imevikwa kitambaa kizito cha sufu na kuzibwa kwa kizibo kilichofungwa kamba kisipotee.

Alipokwenda kupalilia kahawa aliilowesha ile sufu kwa maji, kisha akaitundika kivulini penye upepo. Mchana maji yalikuwa ya baridi. Sisi watoto tulidhani ni uganga wa Kizungu, kumbe ni kazi ileile ya mtungi wa udongo: maji yaliyo kwenye kitambaa yanapokauka huondoka na joto la chupa. Hadi leo, ukipata chupa yenye mfuko wa kitambaa, loweka mfuko huo asubuhi na utaona faida yake bila kutumia umeme.

Babu alikuwa na sheria moja. Ndani ya chupa ile huingia maji tu. Si maziwa, si chai, hata mbege haikuruhusiwa, na kwa mzee wa Kichaga hilo si jambo dogo. Nilipokuwa mdogo niliona ni ukali wa jeshi. Sasa ningekuwa nimemsikia, nisingetia ukwaju.

Wala si chupa peke yake tuliyorithi kutoka vitani. Jerikani tunalotekea maji lilibuniwa na Wajerumani katika miaka ya 1930 kwa ajili ya jeshi lao. Waingereza waliokuwa wakiwaita Wajerumani kwa jina la utani “Jerry” wakalipenda, wakaliiga, na jina likatufikia hadi jikoni. Ukikuta sokoni jerikani la chuma la kijeshi, usilinunue kwa maji hata kama linang’aa, kwani mengi yalibeba petroli na dizeli.

IMETENGENEZWA KWA NINI?

Chupa nyingi utakazoziona ni za plastiki ngumu ya kijani au nyeusi. Wamarekani walianza kuzitumia katika miaka ya 1960, wakati wa vita vya Vietnam, na Waingereza nao wana yao. Ile ya Kimarekani huchukua karibu lita moja. Imepinda kidogo kama figo ili ikae vizuri kiunoni, na mara nyingi utasoma maandishi yaliyochomoza kwenye plastiki yenyewe, pamoja na mwaka, na onyo kwamba isiwekwe kwenye moto. Plastiki hii ni polithini nzito, ya jamii moja na madumu yetu. Akina mama wengi huniuliza kuhusu kemikali ya BPA waliyoisikia redioni. Hiyo huhusika zaidi na plastiki ngumu inayoonyesha ndani kama kioo, si hii. Ubaya wa polithini ni mwingine: hunywa harufu. Ikiwahi kukaa na mafuta ya taa, petroli au dawa ya shambani, harufu huingia ndani ya plastiki yenyewe na haitoki. Hiyo usiinunue kwa bei yoyote.

Za alumini ni nyepesi na zimetumiwa na majeshi mengi, Wajerumani na Warusi wakiwemo. Kubonyea kidogo si neno. Lakini alumini haipatani na vitu vichachu wala vyenye chumvi. Ndimu, ukwaju, juisi ya chungwa na mtindi huila taratibu, ladha ikaharibika na ndani pakawa na vidoti. Maji matupu ndiyo yake. Usiisugue kwa magadi, kwa maana magadi nayo huila na kuifanya nyeusi, kama ulivyoona kwenye sufuria la maharage.

Chuma kisichoshika kutu, tunachokiita stenlesi, ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Katika Vita Kuu ya Pili Wamarekani walitengeneza chupa nyingi za namna hii, na zipo ambazo bado zinabeba maji. Ni nzito na bei yake iko juu. Ukiipata nzima, ichukue, hata watoto wa mwanao wataitumia.

Za enameli kama ya babu ni za ukumbusho. Enameli ikibanduka, chuma hushika kutu, na ndani ya chupa yenye mdomo mwembamba huwezi kuona ilikobanduka. Ya babu iliishia hivyo baada ya baba kuiangusha kwenye mawe ya mtoni.

Nenda sokoni na sumaku ndogo, hata ile ya spika iliyokufa. Ikinata kwa nguvu, ni chuma cha kawaida au cha enameli. Isiponata, au ikinata kwa shida, pima uzito mkononi: nyepesi ni alumini, nzito ni stenlesi.

UKIWA MBELE YA MUUZAJI

Usione haya kukagua. Mimi siku hizi hubeba tochi na chupa ya maji yangu, na vijana wa mitumba wamenizoea, wananiita “mama maabara”.

Fungua kifuniko kwanza na unuse, kabla hujatazama. Pua husema ukweli kuliko macho. Kisha mulika ndani uangalie ukungu, kutu na vidoti. Zungushia kidole kwenye mdomo wa chupa kusikia kama kuna ufa. Ya plastiki ibonyeze kwa kiganja. Ikiwa imepauka kama chaki, au inanata mkononi, jua limeshaimaliza. Halafu ijaze maji, funga, igeuze kichwa chini juu ya gazeti na uendelee na maongezi ya bei. Gazeti likilowa, mazungumzo yameisha.

Kifuniko ndicho kinachobeba siri nyingi. Angalia kama raba yake inabanduka na kurudi, kama bado ni laini, na kama kifuniko kimefungwa kwa mkanda au mnyororo, kwa kuwa kifuniko kilicho huru hakimalizi safari moja na mtoto. Baadhi ya vifuniko vya Kimarekani vina kitundu kidogo chenye mpira katikati, kilichowekwa ili askari aweze kunywa akiwa amevaa kinyago cha gesi. Kwa mtoto hakina kazi, na uchafu hupenda kujificha humo. Ukipata kifuniko cha kawaida kinacholingana, badilisha.

Zipo pia za kuiga. Kiwanda kimeona biashara ya “ya jeshi”, kikatengeneza zinazofanana. Mistari ya kifuniko huwa membamba, maungio ya plastiki yana makali, na hakuna alama wala mwaka. Za Kimarekani mara nyingi zina herufi U.S., za Kiingereza za zamani zina alama ya mshale. Kutokuwa na alama si dhambi, ila usilipe bei ya kijeshi kwa kitu cha kuiga.

Sasa neno moja zito. Mfuko au mkanda wa chupa wenye mabakamabaka uache kwa muuzaji. Hapa Tanzania raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala mavazi yanayofanana nazo. Mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku 7 kwa raia wenye mavazi ya namna hiyo kuyasalimisha. Kenya na Uganda nako sheria ni kali. Mtoto wako wa kidato cha pili haelewi hayo, yeye anaona ni fasheni, na atakayesimamishwa njiani ni yeye, wewe ukiwa nyumbani unapika. Mimi nilimpa fundi cherehani kipande cha turubai la rangi ya kahawia, akanishonea mifuko mitano. Na chupa yenye alama ya jeshi letu wenyewe usiiguse kabisa. Hiyo si bidhaa iliyopitwa na wakati, ni mali ya jeshi.

KUIOSHA HADI MWISHO

Bandua raba. Naanza hapo kwa sababu hapo ndipo nilipokosea. Isugue pande zote mbili kwa mswaki wa zamani na sabuni, na mahali ilipokaa vilevile. Ikiwa ni ngumu au imepasuka, fundi bomba atakukatia nyingine, lakini mwambie akupe ya bomba la maji ya kunywa, si mpira wa tairi.

Ndani, tia maji ya moto yenye sabuni na kiganja kimoja cha mchele mkavu, funga, tikisa kwa nguvu. Mchele husugua pale brashi isipofika. Suuza mara tatu. Kwa ya plastiki au stenlesi, changanya kijiko kimoja cha chai cha jiki isiyo na manukato katika lita moja ya maji safi, jaza, tikisa, geuza ili mistari ya mdomo nayo ilowe, acha dakika 10, mwaga, suuza kwa maji yaliyochemshwa. Kamwe usichanganye jiki na siki au dawa nyingine ya usafi, hewa yake ni sumu. Ya alumini usiitie jiki, itie maji yanayochemka na uiache hadi ipoe. Ya plastiki nayo usiitie maji yanayotokota, yaache yapoe kidogo kwanza.

Ikibaki harufu ya kukaa muda mrefu kwenye plastiki, vijiko viwili vya bekingi soda katika maji ya vuguvugu usiku kucha husaidia. Harufu ya mafuta haitasikia dawa hiyo.

Ukiiweka kabatini, iwe kavu, na kifuniko kando. Chupa iliyofungwa ikiwa na unyevu ndiyo iliyozaa ule utando wangu mweusi.

MAJI YENYEWE

Chupa safi haisafishi maji machafu. Chemsha nyumbani hadi yatokote vizuri kwa dakika moja. Walio juu ya meta 2,000, kama wanaokwenda Mandara, wachemshe dakika tatu, kwa kuwa huko maji hutokota kabla hayajawa na joto la kutosha. Ukitumia dawa ya klorini kama WaterGuard, iweke kwenye ndoo na usubiri dakika 30, ndipo ujaze chupa. Nimewaona akina mama wakitia kidonge cha lita 20 ndani ya chupa ya lita moja wakidhani ni kuongeza usalama. Soma kiasi kwenye pakiti.

Wauzaji wengine hutoa na vidonge vya iodini vya jeshi kama nyongeza. Usivitumie. Huwezi kujua vimekaa miaka mingapi, na iodini nyingi si nzuri kwa mjamzito wala mwenye ugonjwa wa tezi. Hata hivyo askari wa Marekani wana zoea moja zuri ambalo nimeliiga. Wakiweka dawa ndani ya chupa, hulegeza kifuniko kidogo na kuigeuza, maji yenye dawa yapite kwenye mistari ya mdomo. Midomo yetu hugusa pale pale.

Faida nyingine kwa mama mwenye watoto: pakiti ya ORS huchanganywa na lita moja ya maji, na chupa hizi zinakaribia kabisa kiasi hicho. Usiku ule kambini ndiyo ilikuwa kipimo changu, maana hatukuwa na jagi. Nilichukua moja ya zile nzuri. Maji hayo yakipita saa 24 yamwage, na chupa uioshe, hasa ikiwa ya alumini.

Mtoto aifunge kiunoni au aitie begani ndani ya mkoba. Mkanda wa shingoni ni hatari akipanda mti. Na kumbuka lita moja ni kilo moja. Kwa mtoto wa miaka saba, mjazie nusu na umwongezee njiani.

Mwanangu alipona siku ya tatu, akarudi nyumbani akiwa mwembamba na mwenye hadithi nyingi. Sasa kila Jumamosi jioni hubandua raba mwenyewe na kunionyesha, nami naangalia, ingawa najua ananicheka. Ile chupa ya sita niliiosha kwa njia hizi zote mara tatu. Harufu haikutoka. Nimeiandika kwa rangi nyekundu SI YA KUNYWA, na tunamwagilia nayo miche ya sukumawiki nyuma ya nyumba.